King'ora Nilichokipiga Nikiwa Kwenye Kochi

Aibu hii ningeificha, ila Nyakunguru nzima wanaijua na watoto wakiniona wanaiga king'ora, kwa hiyo acha niisimulie mwenyewe.

Mnanijua: shule niliishia darasa la nne, lakini maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ninayo, karasha ya kusagia mawe ninayo, na nilikuwa nautaka uenyekiti wa kikundi cha wachimbaji. Shemeji yangu Marwa, aliyesomea kompyuta Mwanza, alinitengenezea programu ya Java inayopita kwa SSH (njia iliyofungwa, alisema, mtu baki hachungulii) kutoka kompyuta yangu ya nyumbani Nkende hadi seva iliyoko machimboni Nyakunguru, na seva ndiyo inayopiga king'ora. Kwetu mlio mmoja ni chakula. Ukirudiarudia, duara limeporomoka.

"Shemeji, bonyeza mara moja tu," Marwa alinionya. "Kila ukibonyeza unatuma amri nyingine. Mtandao ukiwa mzito, subiri."

Siku ya mkutano nyumbani kwangu nikawaambia wajumbe wa kikundi kwamba nitawaita watu wa Nyakunguru wakale nikiwa nimekaa kwenye kochi. Nikabonyeza. Kompyuta haikuonyesha jibu lolote.

"Hata kuku wangu huitika haraka kuliko hao," akasema mzee Chacha, wakacheka, na mimi nikabonyeza tena na tena kama mtu anayetwanga mtama, nikijisemea Marwa ni mwoga wa vitabuni.

Simu ya msimamizi wangu ikaita, nikaiweka kwenye spika ili wote wausikie ushindi wangu. Tukasikia king'ora kinalia, kinanyamaza, kinalia tena, na wanawake wanapiga yowe.

"Bosi, kumbe uko hai? Mama yako ameshuka duarani kukutafuta."

(Mama anaishi jirani na machimbo, na mimi ndiye niliyemzoesha kuamini kwamba bila mimi kuwamo ndani, duara halifanyi kazi.)

Nilipofika machimboni na suti yangu, king'ora kilikuwa bado kinalia, maana amri zangu zilikuwa hazijaisha. Watu waliokuja mbio na majembe kutoka kijiji jirani cha Kewanja wakanipisha, na hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Mama akatolewa kwa kamba, tope hadi kichwani.

"Shikamoo mama."

Aliviangalia viatu vyangu, vilivyokuwa safi kabisa, akaondoka.

Uenyekiti sijautaja tena. Sasa nimetundika kipande cha chuma, saa ya chakula nakigonga mwenyewe, pigo moja, halafu nasimama mahali pa wazi nionekane, kwa sababu mama huja kila adhuhuri kusikiliza kama kutakuwa na la pili.