Maneno ya Papa Yaliyokatika

Programu niliiandika mwenyewe, na nilijivunia hilo kuliko inavyofaa. Redio yetu ndogo ya Masisi hupokea komunike kwa ujumbe wa simu: fulani amejifungua, ng'ombe amepotea Bihambwe, magunia ya maharage yanasubiri gari. Programu iliandika kila ujumbe kwenye faili katikati ya alama mbili za nukuu, kisha ikausoma tena na kuuonyesha kwenye kioo mbele ya mtangazaji. Alama ya kwanza: ujumbe unaanza. Ya pili: umekwisha. Niliijaribu kwa jumbe nilizotunga mimi, na katika kutunga kwangu sikumnukuu mtu.

Jumatano jioni mtangazaji alisoma: "Kwa kaka yangu, mu pori la Walikale, nyuma ya Kalembe, ni miye dada yako wa Nyabiondo. Papa anasema." Akanyamaza. Akafunga kipaza sauti, akanigeukia.

"Enjenyeri, huyu papa yao anasema nini? Ao bibi yake amemukataza kuongea?"

Nilicheka, kisha nikafungua faili.

Asubuhi mama aliyetuma komunike alipiga simu kutoka Nyabiondo. Hakugomba, na hilo lilinitesa zaidi.

"Mwanangu, mulimukata Papa mu kinywa. Binti yangu anaolewa Jumamosi. Kwetu mbuzi za mahari hazipokelewe kama mujomba hayiko. Papa alisema: 'Aje, ao mbuzi zirudi.' Na kaka hana telefone, iko na redio tu."

Alikuwa ameyafunga maneno ya baba yake kwa alama za nukuu, kama inavyotakiwa. Programu yangu ilipokutana na alama yake ilidhani ujumbe umekwisha. Dawa inajulikana: mbele ya alama ya ndani unaweka mkwaju wa nyuma, ule mstari unaoegemea kushoto, kuiambia programu kwamba hii ni sehemu ya maneno, isisimame. Na ikiwa ujumbe wenyewe una mkwaju, nao unatanguliwa na mkwaju mwingine. Niliiagiza programu ishughulikie nukuu kwanza, kisha mikwaju. Mikwaju niliyotoka kuiweka mbele ya nukuu nayo ikaongezewa mikwaju, na ujumbe ukakatika palepale. Nikageuza mpangilio: mikwaju kwanza, kisha nukuu. Mchana kutwa nilitunga komunike za kipuuzi, babu anamnukuu bibi anayemnukuu mbuzi. Sikula. Kila iliposoma sawa nilidhani kuna kitu nimesahau.

Jioni mtangazaji alisoma komunike yote, mara mbili, polepole. Mimi nilikuwa nawaza redio ya yule kaka: betri zilizokwisha na mvua juu ya mabati.

Ijumaa yule mama alipiga tena. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka.

"Kaka amefika. Amefika jana, jua halijazama."

"Kabla ya komunike?"

"Alisikia ile ya kwanza. Papa anasema, kisha kimya. Akafikiri mutangazaji ameshindwa kusema kama Papa amekufa. Ametoka alfajiri, miguu, pikipiki, miguu tena, ameingia mu lupango ya kwetu nyumbani analia. Papa alikuwa anakula bugali. Akamuuliza, 'Unalilia nani?'"

"Na mbuzi?"

"Zitapokelewa, mwanangu. Aksanti. Ukuje nawe ukule."

Aksanti hiyo sikujua niiweke wapi. Kazi yangu safi haikumfikia mtu. Kosa ndilo lililomleta, naye alilia njia nzima kutoka Kalembe.

Jumamosi nilikwenda Nyabiondo nikiwa nimepanga namna ya kuomba msamaha, sentensi kwa sentensi. Mjomba alinitangulia, mbele ya wageni wote.

"Njo weye uliua Papa?"

"Ni mimi."

Akavuta kiti, akakiweka kando ya Papa mwenyewe. Mbuzi zilikuwa zimekwisha kufungwa upande wa bibi harusi. Nilikaa hapo mchana wote nikimsikiliza mzee akizungumza, na kila alipositasita katikati nilibana pumzi mpaka amalize, mkono mfukoni, nikijizuia kutazama kwenye simu iwapo redio imepokea ujumbe mpya.