Folio ya Thelathini na Moja

Usiku ule Daktari Semkiwa aliponijia, ilikuwa imepita miezi saba tangu tumzike, na aliyelichafua jina lake alikuwa bado amekalia kiti kile kile. Nasema wazi, asije akalaumiwa asiyehusika: anayewajibika ni Mkurugenzi wa mazizi ya farasi wa gwaride, mkubwa wangu wa kazi hadi nilipostaafu. Wa pili nitamtaja mahali pake.

Niliota niko masjala, kwenye meza yangu ya miaka yote, nimevaa suti niliyoivaa siku ya kuagwa kazini. Ilikuwa asubuhi. Mlango haukufunguka, lakini Daktari alikuwa ameshaingia. Mabuti yake ya mpira, ambayo katika uhai wake hakuwahi kuyaleta ofisini bila tope, yalikuwa makavu na safi kama yametoka dukani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ni marehemu.

"Bwana Masjala," akaniita kama alivyozoea. "Nipe jalada la Tufani."

Tufani alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, mtangulizi wa gwaride. Kwetu kila farasi alikuwa na jalada lake kama mtumishi mwingine yeyote: alivyoingia, chanjo, kwato, magonjwa, hata tabia. Daktari, aliyewatibu wote, alinitania sana kwa hilo.

"Farasi akikuuma, utamfungulia shauri la nidhamu?"

"Nitamfungulia, na wewe utasaini kama shahidi."

"Shahidi wa farasi, siyo wako!"

Na Bakari, mkuu wa watunza farasi, angecheka mpaka ashike ukuta.

Ndotoni hakuna aliyecheka. Niliinuka kwenda kabatini, na makabati yamekuwa vyumba vya farasi. Vichwa vyao vimetokeza kati ya rafu na rafu, na majalada yanapanda na kushuka taratibu kama mbavu. Nikalitoa la Tufani. Lilikuwa na joto.

Nalifungua. Folio, yaani karatasi zilizopewa namba, zinafuatana kama nilivyozipanga kwa mkono wangu: ishirini na tisa, thelathini, thelathini na mbili.

"Ya thelathini na moja iko wapi?" anauliza Daktari.

Siwezi kujibu. Naijua karatasi hiyo. Ni barua yake mwenyewe, akimwomba Mkurugenzi kwamba farasi wageni walioletwa kwa ajili ya gwaride watengwe, wasinywe katika birika moja na wenyeji, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa na uvimbe chini ya taya. Niliipokea, nikaigonga muhuri, nikaipa namba. Mkurugenzi aliandika pembeni neno moja: "Ihifadhiwe." Nami nikaihifadhi. Wageni wakanywa pamoja na wenyeji.

Sasa tuko chumbani mwa Tufani, wala hatukutembea. Amenyoosha shingo mbele, koo limezibwa na usaha, kila pumzi inapiga mluzi. Daktari amesimama kando yake, kisu na mrija viko tayari, lakini mikono ameifunga nyuma.

"Mtibu!" namwambia.

"Nasubiri idhini. Iko kwako."

Nafungua sanduku la mihuri, limejaa shayiri. Nashika kalamu, haiandiki. Nataka kumwita Bakari, sauti haitoki. Tufani ananitazama, wala si kwa hasira, bali kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri na sasa anaona dirisha likifungwa.

Hapa kumbukumbu lazima ziwe sahihi, maana ndoto ilimsingizia marehemu. Daktari Semkiwa hakusubiri idhini ya mtu. Alimpasua Tufani koo kwa mikono yake, akalala naye kwenye majani makavu, na farasi alipokufa, yeye ndiye aliyemfumba macho. Walikufa farasi sita. Aliyefunga mikono nyuma ni mwingine, na sasa ndipo mahali pake: ni mimi.

Kamati ya uchunguzi ilipoundwa, Mkurugenzi alikuja akasimama kichwani pangu. "Mzee wangu, hebu nipe ile barua ya Semkiwa niipitie. Nitakurudishia kabla ya chai."

Kwa utaratibu wa masjala, anayetoa folio husaini karatasi, nayo huwekwa katika nafasi iliyoachwa wazi. Miaka yangu yote sikumsamehe mtu utaratibu huo. Siku ile nilimwonea haya mkubwa wangu. Nikampa barua mkononi, hivi hivi.

Chai ikapita. Kamati ikaja, ikafungua jalada, ikaandika kwamba mganga wa mifugo hakutoa tahadhari yoyote. Daktari akanigeukia mbele yao wote. "Bwana Masjala, waambie."

Nikasema: "Sina la kuongeza nje ya yaliyomo jaladani."

Akafukuzwa kazi. Kibao chenye jina lake kikang'olewa kwenye zahanati aliyoianzisha yeye. Akafa akiitwa mtaani "daktari aliyeua farasi", na mjane wake analibeba jina hilo hadi leo.

Ndotoni, Tufani hayupo tena. Daktari amelilaza jalada mezani, ameinama, ameliwekea sikio, vile vile alivyokuwa akiweka sikio kwenye mbavu za farasi. Alitufundisha sote, hata makarani: tumbo la farasi mzima hunguruma kutwa, likinyamaza, usifurahi kwamba ametulia, kimbia ukamwite mganga.

Anasikiliza kwa muda mrefu.

"Limenyamaza," anasema.

Kisha anakuja kwangu, anainama, ananiwekea sikio kifuani. Nalisikia, ni la baridi. Nataka kupumua kwa nguvu ili angalau asikie kitu.

"Na jalada hili pia."

Nikaamka. Palikuwa pamepambazuka, na mke wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba Neema, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na Daktari Semkiwa."

"Alikuuliza ile barua?"

"Aliniuliza."

"Na wewe ukanyamaza tena?"

Nilikaa mezani na shuka langu, kabla ya kunawa uso, nikaandika haya.

Mimi, karani mkuu mstaafu wa masjala, natamka kwamba folio ya thelathini na moja ilikuwepo, niliisoma, na niliitoa kwa mkono wangu nikampa Mkurugenzi bila saini. Ninamtaka airejeshe, au aeleze mbele ya kamati alikoipeleka. Ninaitaka kamati ifungue upya taarifa yake, kibao cha Daktari Semkiwa kirudishwe mahali pake, na mjane wake aarifiwe kwa barua iliyosainiwa na mwenye cheo, siyo kwa salamu. Katika kuhojiwa, niitwe wa kwanza.

Maelezo haya yawekwe katika jalada la Tufani, baada ya folio ya thelathini, mahali palipo wazi. Ndiyo karatasi niliyopaswa kuiweka siku ile. Isiondolewe na mtu yeyote, wa cheo chochote, bila kusaini.