Ukurasa wa Sita

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa serikali mjini Kisumu, na Jumapili nilikuwa mhubiri mlei wa kanisa letu la Kaloleni. Kazi zote mbili nilizifanya kwa utaratibu mmoja: karatasi za mistari, pambizo ya inchi moja, kurasa zenye nambari. Mahubiri yasiyo na utangulizi, hoja tatu na hitimisho sikuyahesabu kuwa mahubiri. Nayasema haya mapema kwa sababu wapo wanaosimulia hadi leo kwamba siku ya kumzika mwenzangu wa ofisini nilifika bila kujiandaa. Nilijiandaa siku nne.

Mjane wake alinijia Jumanne. Mumewe alikuwa mnywaji kwa muda mrefu, kisha akaacha, na miezi michache kabla ya kufariki alitubu akarudishwa kwenye meza ya Bwana. Jambo hilo nililiandika mimi mwenyewe katika daftari la kanisa. Lakini ndugu zake, ambao kanisani hawakanyagi, walikuwa wakitangaza nyumbani kwamba amekufa mlevi.

"Mzee, mimi sitaki mahubiri marefu," aliniambia. "Sema tu alirudi. Watoto wamesikia ya baba zao wadogo. Wasikie ya kanisa."

Nikamwahidi. Nikaliweka neno hilo ukurasa wa sita, chini ya hoja ya tatu, mahali pake kimantiki.

Jumamosi, nyumbani kwao kupita Otonglo, ratiba ilinipa nusu saa kuanzia saa sita. Ratiba hiyo ninayo bado. Saa sita ilimkuta mwakilishi wa wakwe kwenye kipaza sauti. Akaja diwani, akaeleza kwa kirefu barabara ambayo hajaijenga. Akaja bwana mmoja ambaye hakumfahamu marehemu. Alikiri hivyo, kisha akaendelea kuzungumza. Saa tisa na nusu, wingu jeusi likiwa limesimama juu ya ziwa, mwendesha ratiba aliniinamia.

"Mzee, uko na dakika tano. Mvua inakuja na watu hawajakula."

"Nimepewa nusu saa. Imeandikwa."

"Basi hiyo karatasi onyesha mvua, Mzee."

Nilipaswa kufungua ukurasa wa sita. Mimi nilianza na salamu: kwa mchungaji, kwa chifu, kwa wakwe, hata kwa yule diwani. Nikasoma utangulizi. Nilikuwa katika hoja ya kwanza, kifungu cha pili, matone yalipoanza kugonga turubai, na kwaya ikaamriwa kuimba nikiwa katikati ya sentensi. Nilikasirika sana, na niliwakasirikia watu wengine wote.

Kaburini, jeneza likiwa limekwisha kushushwa na sepetu zimeinuliwa, mjane alinitazama.

"Mzee, hujasema."

"Shemeji, wacha watu wamalize," alisema mdogo wa marehemu. "Huoni mvua?"

"Inyeshe. Hajasema."

Wenye sepetu wakazishusha, wakangoja. Karatasi zangu zilikuwa zimelowa, wino unatiririka, na miwani haikuniruhusu kuona kitu. Nikasema kwa sauti ile niliyoitumia kwenye kaunta ya ofisi:

"Mtu huyu aliacha pombe. Alitubu mbele ya kanisa, akarudi mezani pa Bwana. Nililiandika kwa mkono wangu. Anayebisha aje kesho baada ya ibada, nimwonyeshe daftari."

Maneno hayo hayakuchukua hata dakika moja, na ninakiri kwamba jambo hilo linaniudhi hadi leo kuliko diwani.

Kesho yake ndugu za marehemu hawakuja. Walikuja watoto, watatu, na nguo zao za msiba. Nikafungua daftari. Wakasoma mmoja mmoja, binti mkubwa akifuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza.

"Baba, unaweza kutuandikia hii tuende nayo?" aliniuliza.

Nikachukua karatasi ya mistari, nikapiga pambizo ya inchi moja, nikainakili.