Kilatini Ndani ya Gari la Bosi

Kwanza niseme ukweli: mimi ni mtu wa kucheka ovyo. Nikiogopa nacheka, nikifurahi nacheka, na msimu ule nilikuwa naogopa na kufurahi kwa pamoja, kwa hiyo madam wangu pale Sulimaniya, Riyadh, alishaanza kuniangalia kama mgonjwa. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuwa kimeniandikia kwamba maombi yangu ya kusoma Kilatini na Kigiriki cha kale yamewapendeza, na sasa wanataka kunihoji kwa simu ya video. Nikipita, wananilipia kila kitu. Nisipopita, ikama yangu, yaani kibali cha kukaa huku, iko karibu kuisha na madam ananiuliza kila wiki kama naongeza mkataba. Yaani ni Kilatini au ni ufagio.

Utaniuliza, yaya na Kilatini wapi na wapi? Ni mjomba wangu huyo. Alisoma seminari nusura awe padri, akapenda msichana, akarudi nyumbani hana kitu ila Kilatini. Akafungua kibanda cha chipsi, na mimi niliyekuwa nikimmenyea viazi ndiye niliyepata masomo yote. Kigiriki nilijiongezea mwenyewe huku Riyadh, sikio moja kwenye simu, jingine kwa watoto wa madam.

Nyumba ile ilikuwa na Wakenya watatu. Mpishi alikuwa mama wa Mombasa aliyekaa Saudia muda mrefu kuliko sote, tukimwita Anti. Dereva alikuwa mwanamume wa Kakamega, mlokole mwenye mdomo usiopumzika, na tangu asikie habari za Kilatini akaacha kuniita kwa jina. "Padri, chai iko?" "Padri, nibariki, naenda soko la Manfuha kutafuta unga." Hawa wawili ndio waliojitwika kazi ya kunitayarisha.

"Intavyu ni intavyu," Anti akasema, na intavyu aliyoijua yeye ni ile ya ofisi ya ajenti, Nairobi, unakalishwa kwenye kiti na kafili, yule bosi wa Saudia, anakutazama kutoka ndani ya simu. "Mikono juu ya magoti, waione mizima. Usiulize maswali. Usicheke, na hapo nakuonya weye hasa. Na hilo neno 'sijui' lisahau kabisa. Anayesema hajui ndiye anayebaki pale kwenye benchi."

"Mimi waliniuliza kama najua kuendesha trela," dereva akasema. "Nikasema najua. Trela nilikuwa nimeiona kwa mbali tu."

Basi mchana madam akilala, mazoezi yanaanza. Anti anakaa juu ya gunia la mchele, mwiko mkononi, uso ameukunja kabisa.

"Unajua Kilatini?"

"Najua, madam."

"Unajua Kigiriki?"

"Najua, madam."

"Hao Warumi, unajua kuwapikia?"

"Anti, hao walishakufa."

"Sikukuuliza hayo! Unajua au hujui?"

"Najua, madam."

"Huyu apewe kazi!"

Dereva naye alikuwa na swali lake moja, na hakulichoka. "Warumi si ndio wale waliomsulubisha Yesu? Na wewe unaenda kuwasoma kwa hiari yako?" Nikisema ndio, anatikisa kichwa na kumwambia Anti kwamba jibu ni fupi, linafaa.

Nilijaribu kuwaeleza kwamba barua ilisema walimu wanataka kusikia jinsi ninavyofikiri. "Utafikiri ukishaingia," Anti akanijibu. "Ingia kwanza." Na mimi, jamani, nikamwamini. Nani mwingine niliyemjua aliyewahi kuhojiwa akapita?

Siku moja madam alinikuta jikoni nakata vitunguu huku nakariri vitenzi kwa sauti. Akasimama mlangoni. "Hii nini? Dua?"

"Hapana, madam. Ni lugha ya zamani."

"Nani anaizungumza?"

"Mafi, madam, hakuna. Wamekufa wote."

"Na mshahara?"

"Mshahara pia mafi."

Alinitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Maskini," akasema, akachukua karoti, akaenda zake.

Sasa, siku ya mahojiano ikaangukia likizo ya shule, wakati familia inakwenda Jeddah kwa dada yake madam. Anti akabaki Riyadh na bibi mzee, mama yake bosi. Nyumba ya Jeddah ilijaa watoto kila chumba, huwezi kupata pembe ya kupiga chafya. Nikamwangukia madam, akasema, "Yalla, nikiwa dukani kaa ndani ya gari ufanye hayo mambo yako." Hivyo ndivyo nilivyohojiwa na chuo kikuu ndani ya gari la bosi, mtaa wa Baghdadiya, tumeegesha kati ya fundi cherehani na duka la kuku wa kukaanga, injini ikinguruma kwa ajili ya eisi maana joto la Jeddah halina adabu. Simu niliisimamisha nyuma ya kiti cha mbele. Mikono juu ya magoti. Dereva alikaa kwenye usukani ameganda, macho mbele, utadhani yuko kanisani.

Wakatokea wawili: mama wa nywele nyeupe na bwana aliyevaa sweta. Wakanisalimu vizuri, wakaweka mistari ya Kilatini kwenye kioo cha simu. Yule mama akauliza, "Umewahi kuliona shairi hili?"

Mdomo ukajibu wenyewe. "Ndio, madam. Nalijua sana."

"Vizuri! Basi tuambie linaishaje, maana hapo tumelikata."

Wueh! Sikuwa nimeliona hata siku moja. Kwenye kioo cha gari nikamwona dereva akinikodolea macho: sema kitu! Badala ya kusema, kicheko kikanikamata. Si kicheko cha heshima, ni kile cha machozi na kushika tumbo. Kichwani nikawa najiambia, kwisha habari yangu. Nilipopata pumzi nikasema, "Samahani. Nimedanganya, silijui. Nimewahi kuhojiwa kwa kazi za nyumbani tu, na huko anayesema hajui haajiriwi."

Yule mama hakucheka. Akasogea karibu na kioo. "Ni vizuri zaidi," akasema. "Tulilichagua tukitumaini hulijui. Anza mstari wa kwanza."

Nikaanza. Kuna mwanamume yuko nje, ananyeshewa, anamwomba mtu fulani, mara analia, mara anamtukana. Nikasema anamwomba mama mkwe.

"Kwa nini mama mkwe?"

"Kwa sababu yule mtu hajibu kitu na anaogopwa."

Bwana wa sweta akaziba mdomo kwa mkono. Akaniambia nitazame tena neno moja la mstari wa tatu. Nikatazama. "Ni mlango? Anaongea na mlango? Mtu mzima?"

"Amefungiwa nje!" dereva akaropoka kule mbele. "Amelewa huyo!"

"Kuna mtu pamoja nawe?" mama akauliza.

Hapana, madam, hakuna mtu: maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Nikayameza. "Ni dereva. Tuko ndani ya gari la bosi, madam ameingia dukani. Kilatini hajui hata kidogo."

"Hata kidogo," dereva akathibitisha, mkono juu.

"Lakini amepatia," bwana wa sweta akasema. "Ni mlevi kweli."

Baada ya hapo sikumbuki woga tena. Mama akasema mshairi anamhurumia mlevi wake, mimi nikasema wapi, anamcheka! Nikamkatiza. Nikamuuliza maswali. Mikono iliondoka magotini zamani, inapaa huku na huku. Haki ya Mungu, sijawahi kufurahi vile katika maisha yangu, na nilikuwa nakosea karibu kila neno la pili.

Mara dirisha likagongwa. Madam, na mifuko yake. "Yalla, yalla! Joto!"

"Samahani, halas, basi, madam amekuja," nikawaambia maprofesa, nikakata simu. Nikakata! Dereva akageuka taratibu. "Padri, umewakatia simu." Tulicheka njia nzima, madam akiuliza kuna nini.

Tuliporudi Riyadh nikamsimulia Anti. Akaweka kisu chini.

"Ulisema hujui?"

"Ndio."

"Ukacheka?"

"Ndio."

"Ukabishana na mwenye kazi?"

"Ndio, Anti."

"Basi ongeza mkataba, mwanangu," akasema, akanipakulia nyama iliyonona, kama anayemlisha mfiwa. Siku zilizofuata alikuwa mpole kwangu kupita kiasi, na upole ule uliniuma, kwa sababu nilijua ameshanizika.

Jibu likaja nikiwa nakunja mashuka. Nilisoma mstari mmoja nikapiga ukelele, dereva akaja mbio akidhani gesi imelipuka. Wamenichukua! Akaninyanyua juu, akaniteremsha haraka aliposikia viatu vya madam. Madam akaniuliza kama mshahara bado mafi. Nikamwambia mafi. Akasema mabruki, hongera, na kwamba safari hii atatafuta msichana anayecheka kidogo.

Anti hakupiga ukelele. Alikausha mikono, akanitaka nimsomee barua, kisha nimsomee tena polepole. Halafu akarudi kwenye sufuria zake.

Siku hiyo hiyo, magharibi, madam akaingia jikoni na picha kwenye simu, kitindamlo alichokila harusini, anakitaka kwa wageni wa Ijumaa. "Unajua hii?"

Mimi nilijua kinachofuata. Miaka yote jibu lilikuwa najua, halafu madam akitoka, Anti anahangaika na video, anaunguza, analia stoo, anaanza upya. Nilishayaona kwa macho yangu. Anti akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Akashika ukingo wa meza.

"Hii sijui, madam."

Madam akainua mabega. "Hata mimi. Tutaagiza." Akaondoka.

Anti akabaki amesimama. "Hivyo tu?" akaniuliza. "Miaka yote hii, kumbe ni hivyo tu?" Akaketi sakafuni, akaanza kucheka, nami nikaketi kando yake nikamshika, kwa sababu hakikuwa kicheko peke yake.