Kutoka Bila Ruhusa

Kila harufu ya mkojo wa mbuzi na vumbi la moto inaponipiga hapa sokoni Garissa, nasikia filimbi.

Ilikuwa mechi ya shule za upili, na mshindi angekwenda kucheza Mandera. Tuliongoza kwa bao moja. Tayari nilikuwa na kadi ya manjano, kwa kuupiga mpira mbali kwa hasira. Kisha mbuzi wakaingia karibu na goli letu, na mimi, mtoto wa wafugaji, nikawaswaga hadi nje ya mstari.

Niliporudi, refa alikuwa ananingoja. "Warya, wewe kijana, umetoka uwanjani bila ruhusa yangu."

"Mwalimu, ni mbuzi!"

"Mbuzi hawana kadi. Wewe unayo."

Akanionyesha manjano ya pili, halafu nyekundu. Alikuwa ameikata kwenye katoni ya sabuni, na aliisogeza karibu hadi nikainusa. Nikiwa chini ya mgunga, niliwatazama wenzangu kumi wakifungwa mara mbili.

Siku hizi mimi ndiye ninayesimamia foleni ya kupakia mbuzi kwenye lori. Leo mzee mmoja mwenye ndevu za hina amesimama juani tangu asubuhi. Nilimtambua alipofika, nikamwonyesha mwisho wa foleni. Alipokaribia mbele kabisa, mbuzi wake mmoja akachoropoka, naye akamkimbilia.

Amerudi akihema, akakuta fimbo yangu imeziba njia.

"Mbuzi alitoroka, mwanangu."

"Nimeona, adeer, mzee wangu. Lakini umetoka kwenye foleni bila ruhusa yangu. Rudi nyuma."