Farasi wa Jumapili

Majina ya watu wote walio ndani ya maneno haya ninayo kichwani, pamoja na majina ya ng'ombe wote niliowahi kukamua, hata wale waliouzwa kabla kijana wangu wa kwanza hajaota meno. Sitaandika hata moja. Wenyewe wako hai, wana simu, na wengine wanakasirika haraka. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hivyo mahali sentensi italegea, nivumilie.

Nilienda Kapseret kwa sababu ya macho. Nilikuwa nimetolewa mtoto wa jicho upande mmoja, na daktari akasema nisikae karibu na moshi mpaka nipone. Kwangu Chepsaita napikia kuni. Kijana wangu, yule anayefanya kontrakti za barabara na amejenga karibu na uwanja wa ndege, alikuja na gari akasema, "Mama, kuja ukae kwangu kidogo tu. Ukipona nakurudisha." Nikafunga nyumba, nikaachia jirani kuku, nikaenda na begi moja.

Kwetu mama halali chini ya paa la kijana wake aliyeoa. Hiyo anaijua, kwa hivyo alinipa kanyumba ka nje kando ya banda la ng'ombe. Kalikuwa kazuri. Kalikuwa na stima, choo ndani, mlango wa chuma, na dirisha linaloangalia ukuta. Jicho likapona. Nikasema nirudi. Akasema ngoja la pili nalo litolewe. Likatolewa, likapona. Nikasema mvua iko karibu na shamba halijalimwa.

"Mama, utalima na nguvu gani? Tumpatie mtu akodishe. Wewe pumzika."

Nikaendelea kula, maana ni vigumu kugombana na mtu wakati umeshika sahani yake. Lakini nilijua kitu kimoja. Shamba likishaingia mkononi mwa mtu mwingine, nyumba nayo itafuata. Kwanza ataomba stoo ya kuweka mbolea, halafu ataomba mahali pa kulaza mlinzi, na mimi nitakuwa mgeni wa Kapseret mpaka nizikwe. Nilitaka kurudi kabla ya mvua. Hiyo tu.

Ndipo farasi akaingia kati.

Kijana wangu alikuwa amenenepa. Daktari alimwambia atembee, na yeye akaona kutembea ni kazi ya watu wasio na gari. Rafiki zake wawili walikuwa na farasi. Jumapili wakitoka kanisa wanapanda, wanapigwa picha, picha zinazunguka kwa simu. Akataka wake. Alitaka aliyefundishwa tayari, asiyeruka wala kukimbia ovyo, wa kustarehe tu.

Tulienda kumwona sisi watatu, yeye, mke wake na mimi. Mimi sikualikwa. Siku hizo kila gari likitoka pale nilikuwa naomba kupanda, hata kama linaenda petroli tu. Mwenye farasi alikuwa mama wa makamo aliyekuwa anauza shamba ahame. Farasi alikuwa jike, rangi ya chai ya rangi, na doa jeupe juu ya pua. Yule mama alimpanda, akamtembeza, akamgeuza, akamrudisha nyuma kama mtu anayeegesha gari. Kisha akashuka.

"Sitauza mpaka mtu asome kozi ya farasi kwanza," akasema. "Na sitaki kujua nani atampanda Jumapili. Nataka kujua nani atakuwa naye Jumatatu."

Mke wa kijana wangu akaangalia viatu vyake. Kijana wangu akaangalia simu. Halafu wote wakaniangalia mimi.

"Mama ndiye anashinda nyumbani," akasema kijana wangu. "Mama atasoma."

"Baba," nikamwambia, namwita hivyo kwa sababu ana jina la baba yangu, "mimi farasi namjua kwa njia moja tu." Nilipokuwa mtoto, tulikaa kwa shamba la mzungu ambapo baba yangu alifanya kazi. Farasi kwetu alikuwa kitu kinachopita nyuma yako wakati unapalilia, na juu yake kuna mtu anayeangalia kama mgongo wako umeinama sawasawa. Ukisikia kwato, unainama zaidi. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Sasa wewe ndiye utakuwa juu, Mama."

Kwa hivyo Jumamosi zangu zikawa za shule. Dereva wa kijana wangu ananipeleka kwa shamba moja nje ya mji, ananirudisha jioni. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakili mmoja na bwana na bibi waliooana juzi, wote na suruali za kubana na viatu virefu. Mimi nilikuwa na rinda, sweta na gambuti. Waliponivalisha ile kofia ngumu juu ya kitambaa, wakili alisema, "Gogo," ndivyo kwetu tunamwita nyanya, "sasa unafanana na mtu wa boda." Nikamwambia, "Panda basi, nikupeleke mjini, lakini ulipe kwanza." Tukapatana kuanzia hapo.

Mwalimu alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele, wala kwa mtu wala kwa mnyama. Siku ya kwanza alitupa kila mtu kamba na farasi mwisho wa kamba. Mimi nilivuta kama ninavyovuta ng'ombe anayekataa kuingia dip ya dawa ya kupe, visigino chini, mwili wote nyuma. Farasi akainua kichwa, akavuta upande wake. Tukasimama hivyo, mimi na yeye, kama watu wanaogombania blanketi.

"Gogo, unavuta mpaka lini?" mwalimu akauliza.

"Mpaka akuje."

"Hatakuja. Ana nguvu kukushinda. Vuta kidogo, kama kumuuliza. Akisogea hata nusu ya hatua, achilia hapo hapo."

"Na asiposogea?"

"Shikilia hivyo hivyo, usiongeze hasira. Lakini akikubali, uachilie. Watu wengi wanakosea hapo. Farasi amekubali, na wao bado wanavuta. Sasa mnyama anajiuliza, nimeshakubali, hawa wanataka nini tena?"

Nilijaribu. Nilivuta kidogo, akafikiria, akaleta mguu mmoja. Nikalegeza. Akashusha kichwa, akapumua puani, pumzi ndefu ya joto kwa mkono wangu. Wakili alipiga makofi. Mimi nilibaki naangalia ile kamba imelala chini kati yetu, na maneno ya yule msichana yakaniingia mahali ambapo hayakuwa yametumwa. Nilikuwa nimekubali kuja Kapseret. Nimekubali jicho la pili. Nimekubali hata kozi. Na bado kulikuwa na mtu anavuta.

Nilisoma vizuri, sitaficha. Nilijua kusugua na kuinua kwato, na kujua kwamba farasi hawezi kutapika, kwa hivyo akila kibaya kinabaki ndani. Hata kupanda nilipandishwa mara moja, mwalimu kushoto na wakili kulia.

"Gogo, angalia mbele, usiangalie chini!"

"Chini ndiko naenda, wacha nipajue!"

Niliomba kwa sauti, kwa lugha ya mama yangu, mpaka waliponishusha. Lakini nilipomaliza kozi ndipo nikaona nilichofanya. Kijana wangu alikuja siku ya mwisho tu, akapigwa picha akiwa juu, akaenda. Farasi aliponunuliwa akaletwa Kapseret, mke wake alikuwa anamwogopa hata kwa dirisha. Mfanyakazi wa ng'ombe alirushiwa teke moja, likampita, akaenda kwa kijana wangu na kofia mkononi: "Boss, mimi ni wa ng'ombe. Huyu mwingine mtafutie mtu wake."

Mtu wake nilikuwa mimi. Walimjengea banda limegusana na kanyumba kangu, nikawa namsikia akijikuna ukutani, pale pale nilipolaza kichwa. Asubuhi nyasi kavu, maji, kuzoa mavi, kusugua. Mchana nyasi na maji. Jioni tena. Nilimpenda, na huo ulikuwa ubaya zaidi. Akinisikia nikifungua mlango wa chuma analia kidogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusalimia. Ukiulizwa kwa nini hujaenda kwako, utasema ni mnyama amekuita?

Siku moja nilisema naenda Chepsaita asubuhi, nirudi jioni. Nikamwachia mfanyakazi nyasi tayari, nikamwonyesha, nikasema asimpe kitu kingine. Nilikuwa nimefika Turbo nimeshuka, nasubiri pikipiki ya kunimalizia, simu ikalia.

"Mama, rudi," kijana wangu akasema. "Farasi amelala chini anajigeuza geuza."

Kumbe alilia kuniita, na yule mfanyakazi, kwa huruma, akampa deri mil, ule unga wa kulisha ng'ombe wa maziwa, anyamaze. Nilisimama pale barabarani. Upande mmoja kulikuwa na kwangu, karibu hivi ningeweza kunusa. Nikavuka barabara, nikarudi Kapseret. Daktari wa mifugo akamchoma sindano, na mimi nikamtembeza uwanjani kutoka mchana mpaka jua likaenda, nikimwambia usilale, usilale, tembea. Alipopata choo hatimaye, watu wote walishangilia.

Kijana wangu alinishika bega. "Umeona, Mama? Bila wewe hapa hakuna kitu."

Alifikiri ananisifu.

Nikaona dawa ni mke wake. Nilimkuta jikoni anachambua mboga ya managu, nikakaa, nikaanza kuchambua naye.

"Mama watoto, kuja kesho nikufundishe kumshika. Si vigumu. Mimi mzee nimeweza."

Hakuinua macho. "Mama, nisamehe. Namwogopa, hiyo ni kweli. Lakini hata kama singemwogopa, singejifunza."

"Kwa nini?"

"Siku nikijua, ni mimi." Akatupa mashina kwa karai. "Niliacha kazi ya benki nilee watoto. Watoto sasa wako shule ya bording. Mimi nilee farasi? Wewe ukienda, Mama, una mahali pa kwenda. Mimi kwangu ni hapa."

Nilikuwa nimekuja kumwekea kamba yangu shingoni, na yeye aliiona mapema kuliko mimi. Tukachambua mpaka managu ikaisha, na sikumwuliza tena.

Jumapili iliyofuata walikuja wageni, rafiki yake wa kutoka mtaa wa West Indies pale mjini na bibi yake. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Turbo. Asubuhi ile, kabla ya kanisa, kijana wangu alikuwa ameniambia, kama mtu anayesema habari ya kawaida, kwamba mtu wa kukodisha shamba amepatikana na trekta litaingia Jumanne.

"Umempa?"

"Mama, tuliongea haya."

"Uliongea wewe."

Baada ya chakula akaita, "Mama, mlete tumwone!" Nikaingia kwa kanyumba kangu kwanza. Nikafunga begi langu, nikaliweka nje ya mlango. Halafu nikamtoa farasi, nikamtembeza mpaka mbele ya wageni. Kijana wangu alikuwa amevaa viatu virefu vipya, havijapata hata vumbi.

"Huyu mama yangu ndiye profesa wa farasi," akawaambia.

"Shika," nikasema, nikamwekea kamba mkononi.

"Mama?"

"Shika, baba. Na usimwache. Akikimbia na kamba ataikanyaga avunjike mguu."

Akashika kwa mikono miwili. Nikaenda nikachukua begi.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwangu. Anakula saa kumi na moja. Nyasi tu."

"Ngoja! Mama, ngoja basi nim... " Alitaka kunifuata, akavuta kamba kwa nguvu. Farasi akainua kichwa, akarudi nyuma, akamburuta hatua mbili na viatu vyake vipya. Yule rafiki yake akaruka nyuma ya kiti.

Nilisimama. Kumwacha hivyo sikuweza, wala yeye wala mnyama. "Umevuta sana," nikamwambia. "Legeza. Legeza, baba, ameshasimama, unavuta nini tena?"

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yale ya utotoni, akivunja kitu. Mikono ikashuka, kamba ikalegea. Farasi akateremsha kichwa, akamnusa tumboni.

"Mama," akasema polepole, "trekta si limeshalipwa."

"Litakuja. Nitalipokea mimi."

Mke wake alikuwa ameshafika getini mbele yangu. Alifungua lile dogo la upande, akachukua begi, akanipandishia kwa pikipiki aliyokuwa ameisimamisha barabarani. Alinifunga tu leso vizuri shingoni, maana mvua ilikuwa imeanza kunukia.

Jumanne dereva wa trekta alinikuta nimesimama mwanzo wa shamba na jembe.

"Mama, niliambiwa hakuna mtu hapa. Nimetumwa nilimie mwenye amekodisha."

"Mwenye shamba ni mimi, na halijakodishwa. Pesa yake atarudishiwa na aliyeichukua. Wewe umekuja na mafuta?"

"Nimekuja nayo."

"Basi anzia huko chini kwa mfereji. Na usilime karibu na ule mparachichi, mizizi iko juu."

Alikuna kichwa, akampigia kijana wangu simu, akaongea kidogo huku akiniangalia, akasema, "Sawa, boss," akaweka simu mfukoni. Kisha akawasha injini. Mimi nikafuata nyuma yake nikiokota mizizi ya sangari, zile nyasi mbaya za shambani, mpaka saa kumi na moja, wakati miguu yangu yenyewe ilitaka kwenda kumpa mtu nyasi. Nikaisimamisha. Bado kulikuwa na robo ya shamba.