Mwiko wa Mama Kwenye Mto wa Barafu

Mke wangu alipotimiza miaka hamsini alikataa sherehe. Alitaka mto. Tena si mto wowote: alitaka ule unaochuruzika kutoka kwenye barafu, kaskazini kabisa mwa Kanada, tuuteremke kwa boti la mpira siku kadhaa bila mtandao wala choo. Nilikubali kwa kudhani tutakuwa wawili. Sikumfikiria mwongozaji.

Angekuwa kijana ningejifariji kwamba ni ujana tu. Lakini alikuwa wa rika langu, na nywele zangu zote za zamani alikuwa nazo yeye.

Maji yalikuwa ya kijivu, mazito, kama uji mwepesi. Mwongozaji alimwambia mke wangu atege sikio kwenye sakafu ya boti, asikie vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu likipita chini yetu. Shhh, kama mchele kwenye ungo. Akasikiliza, macho kayafumba. Nilipoinama nami nisikie, boti likayumba.

"Keti, Mwalimu," mke wangu akasema. "Utatupindua."

Nikarudi katikati, pamoja na mizigo.

Sisi hatusafiri bila unga. Mke wangu alikuwa amebeba pia mwiko wa mama yangu, aliopewa wiki tuliyooana. Mwiko huo una sheria yake: ugali ukianza kusongwa, mwanamume yeyote atoke jikoni. Mama aliitunga, mke wangu akairithi, nami, mtu wa kuandika insha kuhusu usawa, sikuwahi kuikatia rufaa.

Jioni ya kwanza, kwenye mchanga kando ya mto, mwongozaji aliutazama ugali ukikaza, akauliza kama anaweza kujaribu. Nikangoja lile "Toka!" ninalolijua. Halikuja. Mke wangu akampa mwiko. Jamaa akapiga magoti, akasonga kwa bega lote, vile vile anavyovuta makasia.

"Huyu anajua kusonga!" mke wangu aliniambia kwa Kiswahili. "Ona bega!"

"Nimeliona."

"Umenuna?"

"Ni baridi."

Na baridi ilikuwepo, kusema kweli. Jioni zilizofuata sufuria ilikuwa ya mwongozaji.

Asubuhi ya mwisho, boti likitolewa upepo ufukweni, mke wangu alimwendea mwongozaji akiwa na kitu alichokifunga kwa leso. Kwetu huagani na mtu aliyekutunza mikono mitupu. Nikaliona tumbo la mwiko likichomoza.

"Huo ni wa mama yangu!" nilisema, kwa sauti iliyomfanya mwongozaji, asiyejua Kiswahili hata kidogo, arudi nyuma hatua.

"Mama yako alinipa mimi."

"Sasa unampa huyu?"

"Huyu aliuomba. Wewe miaka yote unakaa mezani unauliza kama ugali umeiva."

"Si mlinifukuza jikoni!"

"Na ulifukuzika upesi sana, baba watoto."

Akaufungua, akanisukumia kifuani. "Shika. Ila ukifika nao nyumbani, wewe ndiye utakayesonga."

Mwongozaji alipewa leso. Akaifunga shingoni. Kwa bahati mbaya, ilimpendeza.

Kwa hiyo sasa, kila Jumapili hapa Kensington ya kusini mwa Afrika, tunakoishi, nasonga mimi. Unga wa huku ni laini mno, unafanya madonge usipouwahi. Binti yetu, ambaye Kiswahili hukisikia na kukijibu kwa Kizulu, hupita akichungulia sufuria. "Eish, Baba. Ni uji?"

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa mezani, kwenye kiti changu, simu mkononi. Mwongozaji alikuwa ametuma picha. Amejichongea mwiko, kwa mti wa huko kwao. Mke wangu akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Njoo uone. Mpaka ameupunguza upande mmoja, kama ulivyolika ule wa mama yako."

"Siwezi, ugali utashika."

"Na umeiva?" akauliza.

Nilipiga magoti pale jikoni, sufuria nikaiweka sakafuni, nikasonga kwa bega lote.